Beji ya Winfred Lorimer

Sikuvaa beji ya Winfred kwa nia mbaya. Yangu ilikuwa imevunjika pini ndani ya mashine ya kufulia, na Eugene, msimamizi wetu, hakuruhusu mtu kupanda basi bila beji. Eugene ni Mganda mwenye macho ya kuona uzi mmoja uliochomoka kwenye kola. Ilikuwa alfajiri, basi limeshawasha injini nje ya nyumba yetu ya wafanyakazi kule Muaither, pembezoni mwa Doha, nami nazunguka chumbani nikiwa na kiatu mguu mmoja. Winfred alikuwa ofu siku hiyo, hana zamu. Alilala blanketi limemfunika mpaka kichwani.

"Winnie, nipee beji yako."

"Chukua. Lakini Kwamboka, usinichomee. Unajua niko na onyo moja tayari."

"Nani atanisoma kifua? Matajiri wa Pearl hata uso hawaangalii."

Nikaibandika mbio mbio, nikatoka.

Beji za kampuni yetu ya ulinzi zina jina moja tu, lile la mwisho kwenye pasipoti. Yangu inasema KWAMBOKA na hakuna mtu amewahi kuniuliza kitu. Yake inasema LORIMER, na tangu aje Doha miaka mitatu iliyopita hajapumzika. Winfred ni msichana wa Molo, mweusi kunishinda mimi, na kila mahali lazima aeleze. Wengine walimwita mzungu wetu. Mimi pia nilimwita hivyo mpaka siku aliponirushia sufuria.

Alichokijua kuhusu jina hilo ni kidogo. Babu yake alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye shamba la mzungu karibu na Molo. Aliingia pale kijana asiye na mtu, akatoka mzee mwenye jina la mzungu. Hakuwahi kusema alizaliwa wapi wala watu wake ni akina nani. Alizungumza Kinandi, basi. Baba yake Winfred alitafuta mpaka akachoka, na yeye naye alipozikwa hakuna ukoo uliosimama kaburini kusema huyu ni wetu. Winfred alinisimulia hayo mara moja tu, akiwa amenipa mgongo, anakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Mwaka huu jambo hilo likawa moto, kwa sababu ya Kiprop. Kiprop ni dereva wa kampuni moja Al Sadd, Mnandi wa Kapsabet, mpole mpaka anakera. Anampenda Winfred na Winfred anampenda. Lakini mama yake Kiprop aliuliza swali moja kwenye simu: msichana ni wa ukoo gani? Kwao mtu haoi ndani ya ukoo wake, na kila ukoo una mnyama wake. Bila jibu, wazee hawatatoka kwenda kuposa. Mama alingoja tangu Januari, kisha akasema Kiprop akija likizo Desemba bila jibu, atafutiwa msichana mwingine mwenye watu wanaojulikana. Mimi ni Mgusii na kwetu pia hatuoani wa ukoo mmoja, kwa hiyo sikumwona mama yule kuwa mbaya. Nilimwona mgumu tu.

Kuna kisa kimoja lazima nikiseme hapa. Ijumaa moja Kiprop alikuwa anatupeleka kula Al Sadd, mimi nimekaa kiti cha nyuma, nyuki akaingia ndani ya gari. Nikavua ndala nimtwange. Kiprop alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake. Alisimamisha gari kando ya barabara, akafungua milango yote minne, huku nyuma watu wanapiga honi na kututukana kwa lugha zote za Doha, na yeye akainama akimsemesha nyuki kwa Kinandi, taratibu, mpaka nyuki akatoka. Nilicheka hadi machozi.

"Cheka tu," alisema. "Sisi ni wa ukoo wa nyuki. Hao ni watu wetu. Mtu wa kwetu hawezi kuua nyuki. Unamwomba tu, anaenda."

"Basi mimi ni wa ukoo wa farasi," Winfred akasema, na Kiprop akacheka, lakini Winfred mwenyewe aligeuza uso dirishani.

Sasa turudi kwenye beji. Nilikuwa mezani pangu kwenye ukumbi wa mapokezi wa jengo letu pale Pearl, saa nne asubuhi, alipotoka kwenye lifti bibi mmoja wa kizungu, mwenye fimbo na kofia ya jua. Nilikuwa nimemwona mara mbili tatu. Mwanawe ni injinia anayekaa ghorofa ya kumi na mbili. Alipita, akasimama, akarudi, akainama kusoma kifua changu.

"Lorimer?"

"Ndiyo, madam."

"Ni jina lako? La familia yako?"

Hapo ndipo ningesema hapana. Lakini Eugene alikuwa nyuma yangu anakagua kitabu cha wageni, na kubadilishana beji ni kosa la kufukuzisha watu wawili kwa mpigo. Nikasema, "Ndiyo, madam, la familia yangu."

Bibi alikaa kwenye kiti cha ukumbini bila kuombwa. "Na langu pia," akasema. "Naitwa Ailsa Lorimer."

Alinieleza siku hiyohiyo, bila haraka, kama mwalimu aliyestaafu, na kweli alikuwa mwalimu. Huko kwao Uskoti, zamani, mtu aliitwa kwa kazi yake. Lorimer alikuwa fundi wa lijamu, kile chuma anachotiwa farasi mdomoni, pamoja na vyuma vya kukanyagia na vidogo vidogo vyote vya hatamu. Neno lenyewe lilitoka Ufaransa na watu waliohamia. Mafundi hao walikuwa na chama chao mjini Edinburgh, wao na wahunzi wengine wa nyundo. Kisha watoto wao wakaacha ufundi, wakawa wakulima, makarani, mabaharia, wakatapakaa Kanada, Australia, India, na jina likaenda nao. Katika familia yake yeye, alisema, hakuna aliyegonga lijamu hata moja kwa karne tatu.

"Na nyinyi mlilipata wapi?" akauliza.

Nikasema babu yangu alikuwa saisi, Kenya. Hilo lilikuwa kweli, ila si babu yangu. Uso wa bibi ulibadilika, akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Amu yangu alifuga farasi Kenya," alisema.

Kuanzia hapo sikupata raha. Nilifuta kioo cha mlango ambacho kilikuwa kisafi. Nilizunguka meza. Nilienda chooni mara nne bila haja. Mchana basi liliponirudisha nilipania kumwambia Winfred kila kitu, nikamkuta anaimba, jambo ambalo halifanyi mara nyingi, nikajiambia kesho.

Kesho yake beji yangu mpya haikuwa imekuja. Ofisi ilisema majuma mawili, na Eugene asingeelewa. Kwa hiyo beji ya Winfred ikawa inafanya zamu mbili. Mimi naivaa asubuhi, basi linanirudisha saa nane na nusu, namkabidhi mlangoni, naye anapanda basi hilohilo kwenda zamu ya jioni kwenye jengo lingine. Na kila saa nne Bibi Ailsa alishuka. Alileta picha za kaburi la mababu zake. Alileta biskuti. Aliniuliza babu alikuwa mtu wa namna gani, na mimi, Mungu anisamehe, nikamjenga babu: nikampa kicheko, nikampa filimbi, nikampa uhodari wa kutuliza farasi wakorofi. Sina babu hata mmoja ninayemkumbuka. Ilinoga kuwa na wa kumsimulia mtu, na nasema wazi kwamba niliona raha kuitwa ndugu na mtu aliyenijia kwa hiari yake.

Siku ya tatu aliniambia kuna barua. Amu yake aliiandika mwaka 1948, kwenda kwa baba yake Bibi Ailsa, na ndani yake amemtaja saisi aliyebeba jina lake.

"Naondoka kesho," alisema. "Mwanangu amenichapia nakala. Nitakuletea kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Ni yako kuliko ilivyo yangu."

Hadi hapo nilikuwa najidanganya kuwa ni mazungumzo ya kupitisha zamu. Sasa niliona kwamba nimekalia kitu ambacho baba yake Winfred alikitafuta mpaka akafa.

Siku hiyo mchana niliingia chumbani nikiwa nimeshafungua mdomo kusema. Winfred alikuwa amekaa sakafuni, simu mkononi, macho mekundu. Mama yake Kiprop alikuwa amepiga tena. Amepata msichana, mwalimu, watu wake wanajulikana hadi kizazi cha saba.

"Nimwambie nini Kiprop?" Winfred aliniuliza. "Nimwambie babu alianguka kutoka mbinguni?"

Nilimpa beji tu, nikampisha awahi basi. Sijawahi kujichukia namna ile.

Siku ya nne Bibi Ailsa alishuka amevaa koti la safari. Mwanawe alikuwa nje anapakia masanduku. Alikuja na bahasha, akanyoosha mkono, na mimi mkono wangu ukakataa kupokea.

"Madam, mimi si Lorimer," nikasema. "Hii beji ni ya rafiki yangu. Babu niliyekusimulia sikumjua. Wa kwake ndiye aliyekuwa saisi. Mimi ni mwongo tu."

Nilitarajia aite mtu. Nikaona nimemuumiza kweli, mtu mzima aliyenipa biskuti kwa mkono wake.

"Na ile filimbi?" akauliza.

"Nilitunga, madam."

"Ah." Aliivuta bahasha kifuani, kisha akaiweka juu ya meza yangu. "Mpe mwenyewe. Huyo saisi naye hakuwa Lorimer. Utaona." Akatoka bila kuniaga, na sikumlaumu.

Niliisoma ndani ya basi. Sikuwa na haki, lakini nilikuwa nimeshazoea kutokuwa na haki. Ilikuwa kurasa mbili, habari za mvua na bei ya shayiri, na katikati yake maneno haya, nayaweka kwa Kiswahili kadiri nilivyoelewa:

"Nina saisi mpya, kijana mzuri sana na farasi. Nilipomuuliza jina alisema ameliacha nyumbani, kwa sababu wanaomtafuta wataliita. Sijui alikosana na nani. Karani alipokuja kuandika vipande vya utambulisho vya wafanyakazi, kijana alimwambia aandike jina langu. Nilicheka, nikakubali. Basi sasa kuna Lorimer wawili hapa, na yeye anaelewa lijamu kuliko mimi. Juzi kundi la nyuki lilitua kwenye chumba cha matandiko ya farasi, limefunika hatamu zote. Nikaagiza moto uletwe. Kijana alisimama mlangoni akanizuia, mimi bwana wake, akasema hao ni watu wa kwao. Akaingia mikono mitupu, akawasemesha mpaka wakaondoka. Hakuna aliyeumwa."

Nilisoma mara tatu. Basi lilikuwa limepita uwanja wa mpira, watu wanasinzia, kiyoyozi kinatugandisha, na mimi jasho linanitoka. Nilimwona Kiprop ameinama garini, milango minne wazi. Hao ni watu wetu.

Nikaikunja barua. Nikaikunjua. Nilifikiria kuichana vipande na kuviacha chini ya kiti, na nisingemwambia mtu hadi nife. Nilipofikiria hivyo nilimkumbuka Winfred anakunja nguo zilizokunjwa. Basi likafika Muaither, likasimama, likabaki linaunguruma likisubiri watu wa jioni.

Winfred alikuwa mlangoni, amevaa sare, mkono mbele. "Lete beji, nimechelewa."

"Ngoja kwanza."

"Kwamboka, basi!"

Nilimvuta ndani, nikamwambia yote kwa pumzi moja: bibi, jina, babu niliyemtunga, siku nne za uongo. Alinipiga kofi la bega, la pili likanipata shavuni. Sikukwepa.

"Siku nne! Mtu wa watu wangu amekaa hapo siku nne na wewe unakula biskuti zake!"

"Soma," nikasema. "Halafu uniue."

Alisoma amesimama. Nilimtazama macho yakishuka kwenye karatasi, nikaona yalipofika. Akaanza kutabasamu. Hilo ndilo lililonivunja, kwa sababu ulikuwa uso wa mtoto aliyeitwa na mama yake.

"Babu alikuwa na watu," alisema. "Kwamboka, babu alikuwa na..."

Tabasamu likabaki mdomoni kidogo baada ya macho kuelewa, kisha nalo likaondoka. Nje honi ikalia.

"Nani mwingine amesoma hii?"

"Mimi na yule bibi tu. Na mwanawe aliyechapa."

"Wanajua maana yake?"

"Hawajui. Wanaona ni hadithi ya nyuki tu."

Honi ikalia tena, ndefu. Winfred aliikunja barua mara nne, akanitia mkononi na kuvifunga vidole vyangu kwa nguvu.

"Weka kwako. Mahali nisipoweza kuiona." Yeye mwenyewe akaitoa beji kifuani mwangu, akaibandika kwake bila kutazama kioo. "Uliniambia hili jina ni la nani?"

"Mafundi wa lijamu."

"Sawa," akasema, akatoka mbio.

Juma zima hatukuligusa jambo hilo. Alikula, alilala, alienda kazini. Mimi ndiye niliyekuwa siwezi kukaa. Barua niliihamisha mara tano: chini ya godoro, ndani ya kiatu, ndani ya pakiti ya unga, kila mahali nikaona haifai. Nilitaka aseme atafanya nini, na niliogopa aseme.

Ijumaa Kiprop alitupeleka Al Sadd kama kawaida. Tulikaa meza ya nje kwenye mkahawa mmoja wa sharubati, hali ya hewa ilikuwa imepoa na watu wamejaa. Kiprop hakuwa na furaha. Alisema mama amepiga tena juu ya yule mwalimu. Alisema kitu kinachomnyima usingizi si kutojua, ni wazo kwamba labda, kati ya koo zote, iwe ni ukoo wake mwenyewe.

"Na ikiwa hivyo?" Winfred aliuliza.

"Khalas, imekwisha," Kiprop alisema. "Ikiwa hivyo wewe ni dada yangu. Siwezi hata kukushika mkono."

Nilitazama glasi yangu. Na hapo, kana kwamba alikuwa ameitwa, akaja nyuki mmoja, akazunguka, akatua kwenye ukingo wa glasi ya embe ya Winfred. Kiprop alimwona. Aliinama mbele, akaanza kumsemesha kwa ile sauti yake ya chini.

Winfred aliinua mkono mtupu, akampiga, akamwangusha mezani. Alimponda juu ya meza kwa kiganja, akakikandamiza pale.

Kiprop alirudi nyuma kitini. Alimtazama Winfred, akatazama mkono wake juu ya meza, kisha nikaona uso wake unafunguka na kicheko kinamtoka kutoka tumboni.

"Wewe si wa kwetu!" alisema. "Wallah, wewe si wa kwetu! Mtu wa nyuki hata kwa bunduki hawezi kufanya hivyo. Nimeona kwa macho yangu. Mama akiniuliza, nitaapa." Alikuwa ameshatoa simu, ameshasimama, anatembea kuelekea barabarani huku anangoja Kapsabet ipokee, mtu mpole yule, anarukaruka kama mwanafunzi aliyefaulu.

"Halo, Mama?" nilisikia akisema. Mengine yalikuwa Kinandi.

Winfred alikaa wima, anatabasamu kuelekea kule alikosimama Kiprop, asije akageuka akamkuta bila tabasamu. Chini ya meza aliutafuta mkono wangu akaushika. Kiganja chake kilikuwa cha moto, na kilikuwa kimeanza kuvimba.